Maji ya kunywa mtu yanaweza kumuua kambamiti

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wote wanaofuga, au wanaojiandaa kufuga, kambamiti wa maji baridi huku pwani, kuanzia Bagamoyo na Pangani hadi Tanga mjini. Watu wanajitahidi kuwa wasafi. Wanatia dawa kwenye maji ili waue vijidudu kabla vijidudu havijaua mifugo. Tatizo ni jinsi dawa yenyewe inavyochaguliwa. Mmoja anasoma kwenye chupa kwamba ni salama kwa samaki, anaridhika. Mwingine anasema maji ya bomba wanakunywa watoto, basi kamba yatamdhuru vipi? Wote wawili wanakosea, na gharama yake ni tangi zima la vifaranga kwa siku moja.

Nianze na bomba. Shirika la Afya Duniani linataka maji yamfikie mtumiaji yakiwa na masalia ya klorini yasiyopungua miligramu 0.2 kwa lita, na kikomo chake cha juu kwa maji ya kunywa ni miligramu 5. Klorini hiyo ndiyo inayotukinga na kipindupindu, na sitaki mtu aombe ipunguzwe. Lakini kiwango ambacho Marekani ilikiweka mwaka 1984 kulinda viumbe wa maji baridi ni miligramu 0.019 kwa lita kwa muda wa saa moja, na 0.011 kwa siku kadhaa. Maana yake, maji yenye klorini ya chini kabisa inayofaa kunywewa yana zaidi ya mara kumi ya kile ambacho viumbe wa maji baridi wanapaswa kukutana nacho hata kwa saa moja. Hilo linahusu maji ya Tanga mjini yanayotoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Sigi, na linahusu yale ya Ruvu Chini yanayokuja Bagamoyo. Yametibiwa vizuri, na kwa sababu hiyo hiyo hayafai kumiminwa moja kwa moja kwenye tangi la kamba.

Sisi klorini tunaimeza, inakutana na mate na chakula, inaishia hapo. Kambamiti anapumua ndani yake. Inachoma matamvua, ambayo ni ngozi nyembamba sana kati ya maji na damu. Na kuna saa ambazo yuko wazi kuliko kawaida: anapojivua gamba. Gamba jipya ni laini, na mwili unavuta maji kwa wingi ili upanuke kabla gamba halijakauka. Klorini ndogo ambayo haikumwua jana itamwua leo kwa sababu leo amejivua. Mfugaji anaona wanakufa mmoja mmoja, kila siku wachache, wengine gamba la zamani bado limening'inia mkiani, anadhani ni ugonjwa. Anaongeza dawa, na vifo vinaongezeka.

Kabla ya kulaumu ugonjwa, tazama saa na tazama ukubwa. Hewa ikipungua kwenye maji, vifo huja alfajiri kabla jua halijachomoza, na wakubwa ndio hutangulia. Klorini haingoji alfajiri. Huanza muda mfupi baada ya kubadilisha maji, iwe saa nne asubuhi au saa kumi jioni. Kamba wanarukaruka kwa kupiga mkia, wanapanda ukuta wa tangi mpaka kwenye ukingo wa maji, kisha wanalala ubavu, wadogo kwa wakubwa, na waliotoka kujivua gamba wakiwa wa kwanza.

Wapo wanaoyaacha maji ya bomba siku moja kwenye simtanki, wakiamini klorini itakwenda yenyewe. Kwenye tangi la wazi, lenye jua na mashine ya hewa, klorini huru huondoka kweli ndani ya siku moja au mbili. Simtanki lililofunikwa, limekaa kivulini na halina hewa inayopulizwa, ni jambo jingine kabisa. Tena kama maji yana amonia, klorini hushikana nayo ikawa kloramini, ambayo inakaa muda mrefu zaidi, haipeperuki kirahisi, nayo inaua vilevile. Maji ya mtoni yaliyochanganyika na kinyesi cha mifugo au maji ya shamba lililowekwa mbolea ya urea yanakuwa na amonia hiyo. Kwa hiyo kungoja peke yake si njia ya kutegemea.

Sasa utaratibu ambao ningemshauri yeyote aufuate. Maji yatibiwe kwenye tangi la pembeni lisilo na kiumbe hata mmoja. Dawa ya kuua vijidudu haiingii kwenye tangi lenye kamba, si kidogo wala si kwa uangalifu. Maji ya mto, hasa Ruvu, Wami na Pangani wakati wa masika, yatulie kwanza tope lishuke, kisha yachujwe kwa mchanga au kitambaa kizito. Tope na majani yaliyooza hula klorini, na utakuwa umenunua dawa ya kutibu matope huku vijidudu vimejificha ndani yake.

Kwa maji yaliyochujwa, miligramu 10 za klorini kwa lita zinatosha kuanzia. Lita 1,000 zinahitaji gramu 10 za klorini halisi. Unga wa kalsiamu haipokloraiti ukiwa na nguvu ya asilimia 65, hiyo ni gramu 15.4 za unga, nusu gramu juu au chini si hoja. Ukitumia ile ya maji ya kufulia nguo nyeupe yenye asilimia 3.5, ni takriban mililita 285, lakini hakikisha haina manukato wala sabuni, kwa sababu sabuni nayo huharibu matamvua na haiondolewi na chochote nitakachokitaja hapa. Unga upimwe kwa mizani ya gramu. Vijiko vinadanganya. Weka maji kwenye ndoo ya plastiki kwanza, kisha nyunyiza unga juu yake, usimwage maji juu ya unga. Koroga, acha chokaa nyeupe ituame, mimina maji ya juu tu kwenye tangi.

Baada ya nusu saa pima. Klorini ikiwa imekwisha kabisa, basi uchafu umeila na maji hayajatakasika, rudia nusu ya dozi. Ikiwa bado ipo, acha ifanye kazi, ikiwezekana usiku kucha, maana jua huivunja. Asubuhi fungulia mashine ya hewa na uache jua liingie. Jioni pima tena, na kilichobaki ndicho utakachokiua kwa sodiamu thiosalfeti, yale mawe madogo meupe kama sukari mawe.

Hesabu yake ni hii: kila miligramu 1 ya klorini iliyobaki kwenye lita inahitaji miligramu 7 za thiosalfeti. Ili usihangaike kila siku, yeyusha gramu 70 kwenye lita moja ya maji safi na uandike kwenye chupa. Mililita 100 za chupa hiyo huondoa miligramu 1 kwa lita katika tangi la lita 1,000. Kipimo kikisoma 3, mimina mililita 300, kisha ongeza nyingine 100 kwa usalama. Ziada ya kiasi hicho haina neno. Palipokosekana thiosalfeti, vitamini C safi ya unga hufanya kazi, miligramu 2.5 kwa kila miligramu 1 ya klorini, ila ni ghali na hushusha pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) kwenye maji laini, yaani yenye madini machache.

Hapa kwenye kupima ndipo wengi wanapoteleza, na naomba msomaji aende pole pole. Vifaa vya kupimia maji ya mabwawa ya kuogelea, vile vya vidonge vinavyogeuza maji kuwa ya waridi, havioni chini ya takriban miligramu 0.1 kwa lita. Kikomo cha kulinda viumbe wa maji baridi ni 0.011. Kwa hiyo maji yasipobadilika rangi, kifaa kimefika mwisho wa uwezo wake, basi. Ndiyo maana ile thiosalfeti ya ziada si anasa. Kosa la pili ni la upande wa pili: klorini ikiwa nyingi mno, inaibabua rangi ya kidonge chenyewe na kipimo kinabaki cheupe, kana kwamba hakuna kitu. Ukiona waridi imetokea ghafla kisha ikapotea, chukua sehemu moja ya maji hayo, ichanganye na sehemu tisa za maji yasiyo na klorini, pima upya na uzidishe kwa kumi. Na mwisho wa yote, weka kamba kumi kwenye ndoo ya maji yaliyotibiwa, yenye hewa, kwa saa 24. Hakuna kifaa cha dukani kinachoshinda kamba hao kumi.

Kuna mambo mawili zaidi kuhusu klorini. La kwanza ni chokaa. Mtindo wa kumwaga chokaa kwenye maji halafu klorini juu yake unaipunguza klorini nguvu. Klorini inaua vizuri pH ikiwa chini. Kwenye pH 7.5 nusu yake ndiyo iko katika umbo lenye nguvu, kwenye 8.5 imebaki sehemu moja ya kumi. Chokaa inapandisha pH, mfugaji anaona klorini haina nguvu, anaongeza, na ile iliyoongezwa inabaki kumsubiri kamba. Klorini kwanza, chokaa baadaye kama inahitajika. Visima vyetu vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe vinaweza kuwa na pH ya juu, kwa hiyo pima kabla ya kununua dawa.

La pili ni vifo vya siku ya tatu au ya nne. Mtu amesafisha tangi kwa klorini, akaiondoa barabara, akarudisha kamba, siku mbili wakawa wazima, kisha wakaanza kufa. Hapo klorini haihusiki tena moja kwa moja. Imeua bakteria wazuri waliokuwa kwenye kichujio na kwenye kuta, wale wanaogeuza amonia ya kinyesi. Amonia inapanda, na kwenye maji ya nyuzi joto 30 yenye pH 8 kiasi cha asilimia 7 ya amonia yote iko katika hali ya sumu, kwenye pH 9 inakaribia nusu. Kwa hiyo usisafishe kichujio na tangi siku moja. Toa mawe au plastiki za kichujio, zihifadhi kwenye maji ya tangi yenye hewa, na urudishe baada ya klorini kwisha. Na kwa siku kadhaa lisha kidogo.

Vifaa kama nyavu, ndoo na mipira viloweshwe saa moja kwenye klorini ya miligramu 200 kwa lita: kwa ndoo ya lita 20 ni gramu 6 za unga wa asilimia 65. Suuza, lowesha kwenye maji yenye thiosalfeti, anika juani. Mawe ya hewa yana vitundu vinavyoshika klorini, yakae kwenye thiosalfeti usiku mzima.

Wenye vitotoleshi wanaochanganya maji ya bahari kupata chumvi ya 12 kwa elfu kwa ajili ya mabuu, yaani sehemu moja ya bahari kwa mbili za maji baridi, wakumbuke kwamba klorini kwenye maji ya bahari hugeuka kuwa bromini, nayo ni kali vilevile. Thiosalfeti inaiondoa. Tibu kila maji peke yake, ondoa dawa, ndipo uchanganye.

Niache klorini, maana angalau yenyewe inaondoka. Mrututu, yaani salfeti ya shaba, hauondoki. Watu wanauweka kuua kuvu, mwani na konokono wa kichocho, na kwa samaki kuna kanuni inayojulikana: miligramu za mrututu kwa lita ziwe sawa na alkali ya maji kugawa kwa mia moja. Kanuni hiyo ni ya samaki. Robo ya uzito wa mrututu ni shaba, na katika maji laini viroboto-maji, ambao ni jamaa wa kamba, hufa kwa makumi ya mikrogramu za shaba kwa lita, yaani kiasi ambacho kanuni hiyo inakifikia au kukipita. Wapo wanaojitetea kwamba damu ya kamba yenyewe ina shaba. Ni kweli, inabebea hewa, lakini hiyo imefungwa ndani ya protini. Shaba iliyo huru majini inashika matamvua. Thiosalfeti haisaidii, jua halisaidii, na shaba inabaki kwenye tope la bwawa msimu baada ya msimu. Kwa maoni yangu mrututu usiingie kabisa kwenye shamba la kambamiti. Hata koki ya shaba nyeupe au bomba la shaba kwenye maji laini, yaliyolala humo usiku, nisingeikubali.

Jambo linalonisumbua zaidi wala haliitwi dawa ya maji. Kamba ni ukoo mmoja na wadudu. Dawa za jamii ya pareto, hizi za mbu, kupe na wadudu wa mashambani, zimetengenezwa kushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu, na kambamiti hazimtofautishi. Dozi ambayo samaki anaivumilia inammaliza kamba. Angalia zinavyoingia. Chandarua chenye dawa kinakatwa kikawa kichujio cha kwenye bomba au kizimba cha vifaranga, kwa kuwa matundu yake ni madogo na bei ni bure. Vyandarua hivyo vimetengenezwa vibaki na nguvu hata baada ya kufuliwa mara 20, kwa hiyo kufua hakusaidii. Nunua kitambaa cha nailoni kisicho na dawa. Mashine ya hewa nayo inavuta hewa ya chumba ilimo na kuisukuma ndani ya maji, basi ukipuliza dawa ya mbu kwenye chumba hicho umeipuliza tangini. Na bomba la kupulizia lililobeba dawa ya michungwa Muheza, ya mananasi Kiwangwa au ya kupe wa ng'ombe, lisitumike kunyunyizia klorini kwenye matangi, hata lioshwe vipi. Klorini iwe na bomba lake.

Nyingine nizipitie haraka. Pamanganeti ya potasiamu, ile ya zambarau, huacha masizi ya kahawia kwenye matamvua, iwe ya kusafishia maji tangi likiwa halina kamba tu, nayo huondolewa kwa thiosalfeti. Formalini hunyonya hewa, takriban miligramu 1 ya oksijeni kwa kila miligramu 5 za formalini kwa lita, mbali na sumu yake kwa mtumiaji mwenyewe. Dawa za kusafishia sakafu na vyoo zinazotoa povu au kugeuka nyeupe zikitiwa maji hunata kwenye plastiki na saruji hata baada ya kusuuza, zisiingie kwenye jengo la kamba.

Kwa bwawa la udongo, chokaa ndiyo dawa yetu, lakini ziko tatu na maduka yanaziita jina moja. Chokaa ya kilimo, ambayo ni jiwe lililosagwa, inarekebisha udongo na haiui kijidudu. Inayoua ni iliyochomwa au iliyozimwa, kwa sababu inapandisha pH kupita 11. Kausha bwawa mpaka lipasuke nyufa, nyunyiza gramu 100 hadi 200 za chokaa iliyozimwa kwa mita ya mraba, na zaidi kwenye madimbwi yaliyobaki. Jaza maji, ngoja wiki mbili, na usipande vifaranga mpaka pH ishuke chini ya 8.5. Iliyochomwa inaunguza macho na ngozi, kwa hiyo miwani na glavu, na simama upande upepo unakotoka.

Klorini ya unga isikae karibu na petroli, mafuta, urea wala asidi ya betri. Na mifuko miwili ya klorini za aina tofauti isichanganywe hata ikiwa mikavu, inaweza kulipuka. Maji ya kuoshea yasimwagwe mtoni kabla ya kuondolewa dawa: mito yetu ya pwani ina kamba na kaa wake wa asili, na wako wanaowategemea.

Nina maombi mawili kwa wahusika. Wauza pembejeo wanaopimia klorini kwenye chupa za maji zilizotumika waandike juu yake jina la kemikali, asilimia ya nguvu na tarehe ya kufungua pipa. Unga wa asilimia 65 uliokaa miezi kwenye mfuko wazi, kwa joto na unyevu wa huku, hauna tena asilimia 65, na hesabu zote nilizotoa hapo juu zinavurugika. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 ipo, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na maofisa uvuvi wa wilaya wanaweza kuanza kwa kupita tu madukani.

Ombi la pili ni kwa mamlaka za maji zinazohudumia Tanga na Bagamoyo. Bomba linapokatika na kutengenezwa, huoshwa kwa klorini kali. Maji ya mto yakichafuka wakati wa masika, dozi kiwandani huongezwa. Ni kazi sahihi. Lakini mfugaji aliyezoea kuondoa miligramu 0.5 hajui kwamba siku hiyo anapokea mara kadhaa ya hiyo. Ankara zetu zinakuja kwa ujumbe wa simu kila mwezi. Ujumbe wa namna hiyo hiyo utumwe siku moja kabla ya kuosha bomba au mara dozi inapoongezwa, ukitaja mtaa na kiwango cha klorini kinachotarajiwa, ili mwenye matangi afunge koki na atumie maji aliyoyahifadhi.

Mfugaji wa kambamiti,
Bagamoyo.